Leo nimeupogoa mwaridi

Asubuhi hii nimesimama mbele ya mwaridi, mkasi mkononi, nikiutazama tu. Ulikuwa umerefuka ovyo: matawi matatu yamenipita kimo, kila moja lina ua moja kileleni, na huku chini ni miiba na majani machache yaliyokonda. Miaka yote niliona kuukata ni kuuonea.

Nimeanza na matawi makavu. Ukikwaruza gome kwa ukucha, tawi lililo hai huonyesha kijani, lililokufa ni kahawia. Kisha nikaondoa yaliyopishana katikati, maana yanaposuguana hufanya vidonda, na maradhi hupitia hapo. Mwanga ukapenya mpaka kwenye shina.

Kazi hasa ilikuwa yale matatu marefu. Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho ya pembeni, yaani vivimbe vya kuchipulia, yasichipue. Ncha ikiondoka, macho huamka. Nikatafuta jicho linalotazama nje, kivimbe chekundu kama punje ya mtama juu kidogo ya kovu la jani, nikakata kama milimita 5 juu yake, mkato ukiinamia upande wa pili ili maji yasitiririkie jicho. Ukiacha kisiki kirefu, hukauka na kuoza kushuka chini. Ukikata karibu mno, jicho nalo hufa. Nimepunguza kama theluthi moja, basi. (Mkasi niliunoa jana na kuufuta kwa spiriti. Mkasi butu hauukati mmea, unauponda, na kwangu afadhali kuuacha bila kuupogoa.)

Hofu yangu ina chanzo. Mwaka jana niliipogoa haidrenjia, kichaka changu kingine cha maua, muda mfupi kabla ya msimu wake, nikitaka tu ikae vizuri. Ilijaa majani mabichi ya kupendeza, lakini ua halikutoka hata moja. Ile ya majani mapana hubeba macho ya maua kwenye matawi ya msimu uliopita, kwa hiyo niliyokuwa nikiyaangusha chini yalikuwa maua yenyewe, bado hayajafunuka. Iliniuma sana. Wakati wa kuipogoa ni mara tu maua yanaponyauka. Tangu siku hiyo siugusi mmea kabla sijajua ua lake hutoka wapi. Bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, na huu mwaridi wangu pia, ndiyo maana leo nimethubutu.

Maua yaliyonyauka nayo nimeyatoa, mmea usije ukamaliza nguvu kwa kutengeneza mbegu.

Jioni nimerudi kuutazama. Umebaki wa kunifika kifuani, mfupi, ukiwa na sura ya kushtuka kidogo. Kutoka mkato hadi ua kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8. Macho niliyoyachagua bado yamelala, ila moja, lile la upande wa jua, nimeligusa kwa ncha ya kidole na nadhani limeanza kuvimba. Kesho nitaliangalia tena kabla ya kumwagilia.