Sukari iliyomo kwenye ORS

Juzi mwanangu aliharisha usiku kucha. Macho yamezama, analia machozi hayatoki. Nesi akanipa pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, nimnyweshe kijiko kwa kijiko.

Nikauliza, jamani, sukari ya nini kwa mtoto anayeharisha? Kumbe kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango ambao chembe moja ya glukosi (aina ya sukari) huingia pamoja na chembe mbili za sodiamu (iliyomo kwenye chumvi), na maji hufuata nyuma yake. Hata mtu akiharisha, mlango huo huendelea kufanya kazi! Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza mwaka 1960.

Ila msiongeze sukari kwa makadirio. Ikizidi, huvuta maji kurudi utumboni.

Alasiri akakojoa. Nililia kwa furaha.