Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwasakia Watu Vitabu vya Mitumba

Kazi yangu ni kuwatafutia watu vitabu vilivyokwisha kutumika, ili wajenge maktaba za nyumbani kwa gharama wanayoimudu. Saa 12 asubuhi napitia orodha ya vitabu ninavyoagizwa pamoja na namba zake za ISBN, yaani namba za kimataifa za kuvitambulisha vitabu, kwa kuwa namba hiyo hutofautisha matoleo hata pale majalada yanapofanana. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13. Kabla ya hapo zilikuwa 10, na vitabu vilivyotangulia miaka ya 1970 kwa kawaida havina namba kabisa, hivyo vya namna hiyo navitafuta kwa mwandishi, mchapishaji na mwaka.

Saa 2 nafika kwenye maktaba inayouza vitabu ilivyoviondoa rafuni. Wakusanyaji wengi huvikwepa kwa sababu ya mihuri na lebo, nami nafurahi wanapofanya hivyo, maana bei hushuka ilhali msomaji hapungukiwi na neno hata moja, na mara nyingi majalada yake yamekwisha kuimarishwa.

Kuanzia saa 3 hadi saa 6 ni ukaguzi, na hapa sikubali kuharakishwa. Kwanza nanusa: kitabu chenye harufu ya kuvu nakirudisha hata kikitolewa bure, kwa sababu kikipata unyevu kitaambukiza rafu nzima. Kisha natazama kichwa cha mgongo, yaani ncha ya juu ya upande ambapo kurasa zimeunganishwa. Nikiona mafungu ya karatasi yaliyokunjwa na kushonwa kwa uzi, natambua kwamba kitabu kitastahimili kufunguliwa kwa miaka mingi, tofauti na kile kilichounganishwa kwa gundi tupu, ambacho gundi yake ikikauka hupasuka na kuachia kurasa. Karatasi nayo ina historia yake: tangu katikati ya karne ya 19 nyingi zilitengenezwa kwa rojo la miti na kubaki na asidi inayozidhoofisha, ndiyo maana kitabu cha zamani zaidi, cha karatasi ya matambara, huweza kuwa imara kuliko mjukuu wake. Hatimaye nahesabu ramani na picha nikilinganisha na orodha iliyo mwanzoni.

Leo napata juzuu ya tatu ya seti ambayo mteja wangu ameisubiri kwa muda mrefu. Kabla ya kushangilia nahakiki kwamba ni ya toleo lilelile, kwani kurasa zikitofautiana, faharasa ya juzuu ya mwisho haitamfaa. Inalingana!

Saa 7 ni mapatano ya bei. Nachukua vitabu kwa fungu, na kasoro namwonyesha muuzaji waziwazi na kwa heshima.

Saa 10 alasiri nasafisha vumbi kwa brashi laini, kitabu kikiwa kimefungwa, nikielekeza brashi kutoka mgongoni kwenda nje. Mipasuko siibandiki kwa selotepu, kwa sababu gundi yake huacha doa la manjano lisilotoka. Kitabu chenye dalili za wadudu nakifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kukigandisha kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima.

Saa 12 jioni nampigia picha mteja juzuu yake, pamoja na ule muhuri na kona iliyochakaa, ili aamue akiwa ameviona vyote.