Paa la kioo cha sola Uyole: nilivyopanga seli ili fundi cherehani aone na umeme upatikane

Nianze na ushauri ulionikera kuliko yote: kwamba ipo sola angavu kama kioo cha dirisha, na inatoa umeme sawasawa na paneli ya kawaida. Haipo. Mwanga uliopita kwenye kioo ukafika mezani kwako haujageuka umeme, basi. Vile vioo angavu kabisa, kama vilivyotangazwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 2014, vinanasa miale isiyoonekana kwa macho tu, na ufanisi wake wakati huo ulikuwa karibu asilimia 1. Kwa jengo la leo, kinachofanya kazi ni seli za kawaida za silikoni (vile vipande vyeusi vinavyogeuza mwanga kuwa umeme) zilizobanwa katikati ya vioo viwili na kuachiwa nafasi kati yake. Seli inakula mwanga, nafasi inaupitisha. Kwa hiyo amua kwanza unahitaji mwanga kiasi gani chini, ndipo ujue umeme utakaobaki.

Ushauri wa pili mbovu ni kuweka vioo hivyo ukutani. Huku Uyole, Mbeya, tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, jua letu ni la utosini. Juni saa sita mchana ukuta unaotazama kaskazini unapata kama nusu ya nguvu ya jua, na Desemba haupati jua la moja kwa moja kutwa nzima, maana limehamia kusini. Weka juu ya paa, mwinamo wa nyuzi 10 hivi. Ukilaza zaidi ya hapo, mvua haioshi vumbi.

Chumba chenyewe ni cha kushonea, paa la mabati, na katikati ikaachwa nafasi ya vioo sita. Mchoro wa kwanza ulitoka kwa muuzaji: kioo cha milimita 1,000 kwa 1,800, seli 36 za milimita 166, safu nne zenye seli tisa kila moja. Kwa hesabu unapendeza. Seli zinafunika asilimia 55, zinazobaki ni 45, na ukitoa kinachopotea ndani ya vioo vyenyewe unabaki na mwanga wa asilimia 40 hivi. Tatizo ni kwamba nafasi kati ya safu ilikuwa milimita 82, na kati ya seli na seli ndani ya safu milimita 27 tu. Asilimia hazikuoneshi hilo litafanya nini mezani.

Hapa ndipo nasisitiza: usiagize kabla hujajaribu kwa manila. Chukua mbao za mbili kwa mbili, tengeneza fremu ya ukubwa wa kioo chako, vuta juu yake ile nailoni ngumu angavu ya kufunikia meza. Kata vipande vya manila nyeusi vya milimita 166, vibandike kwa vipimo vya mchoro. Ipandishe mpaka kimo halisi cha paa, kwetu mita 3 kutoka mezani, kisha tandika kitambaa cheupe chini na uangalie saa nne, saa sita na saa tisa.

Kwa mchoro wa muuzaji, kitambaa kilijaa mistari mirefu, mweupe, mweusi, mweupe, kingo kali. Uzi mweusi ulionekana vizuri kwenye mstari wa jua, sindano ikiingia kivulini jicho linachelewa kuuona tena. Hakuna fundi atakayeshona hapo kutwa. Sababu yake ni hii: jua si nukta, ni duara, kwa hiyo ukingo wa kivuli chake unatawanyika kama milimita 9 kwa kila mita ya kushuka. Kwa mita 3 ni milimita 27 hivi. Nafasi ya 27 inayeyuka yenyewe, ya 82 inabaki mstari.

Tukabadili umbo la kioo, si kiasi cha seli. Milimita 900 kwa 2,000: eneo lilelile la mita za mraba 1.8, seli zilezile 36, umeme uleule, lakini nafasi zikawa 49 upande mmoja na 50 upande wa pili. Mistari mirefu ikavunjika, zikabaki alama ndogo zenye kingo laini. Zilizobaki zikamalizwa na kioo cha chini cha ukungu. Andika kwenye oda kwamba upande wenye ukungu utazame chumbani. Ukigeuzwa katikati ya vioo, ile plastiki inayogandisha vioo inajaza vile vishimo vidogo na ukungu unapotea wote.

Ukingo wa chini acha milimita 60 bila seli, mwingine 45 inatosha. Tope la mvua hukaa chini, na likifunika mstari mmoja wa seli linabana safu zote nne kwa pamoja.

Kioo cha juu ya vichwa vya watu kiwe cha vioo viwili vya milimita 5, vyote vimepitishwa moto kiwandani (tempered). Kimoja kina kilo 45 na ushee, kwa hiyo mafundi wanne na fremu ya chuma, si mbao. Mvua ya mawe huku kwetu mnaijua, dai cheti cha IEC 61215 (kiwango cha kimataifa cha paneli za sola), ndicho chenye jaribio la barafu. Fremu isimame kwanza, pima mishazari yote miwili, ndipo uagize; kioo kilichopitishwa moto hakikatwi tena. Laza juu ya mpira, acha milimita 10 kati ya vioo, ziba kwa gundi ya silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki inakula chuma na inaharibu kingo za kioo.

Umeme sasa. Kila kioo ni wati 205 hivi, volti 20.5 kikifanya kazi na 24.5 kikiwa hakijaunganishwa na kitu. Vyote sita mfululizo ni volti 147, na chaja ya sola, inayojaza betri, imeandikwa mwisho volti 150, fundi atakwambia inatosha. Asubuhi ya Julai nyuzi joto zikishuka hadi 5, baridi inazipandisha zile volti 147 hadi 156 na chaja inaungua. Tumia makundi mawili ya vioo vitatu vitatu mfululizo, yaliyounganishwa sambamba, na betri ya volti 24. Usiende 48, maana kioo kikipata moto vitatu havifiki volti za kuijaza. Chaja iwe ya ampea 60. Siku ya jua zuri tegemea kama yuniti 5, masika pungufu sana.

Bei kwa wati ni mara kadhaa ya paneli ya kawaida, jiandae. Na agiza kioo cha saba cha akiba kwenye mzigo uleule, kwa sababu kiwanda hakitakutengenezea kimoja baadaye kwa bei ya maana.