Kilima kimoja, majira manne: nilivyojifunza kuusoma unyevu wa karatasi

Kwa muda mrefu nilichora kwa rangi za maji, masika kwa kijani na kiangazi kwa manjano, nikidhani kazi imekwisha. Siku moja nilizipiga picha kazi zangu hizo kwa simu nikazigeuza ziwe nyeusi na nyeupe. Hazikuwa na tofauti yoyote! Majira yote nilikuwa nimeyaweka kwenye rangi, hewa yenyewe haikuwamo.

Nikaamua kuchora kilima kimoja mwaka mzima, nikikaa palepale kila mara. Kwanza nilibadilisha karatasi. Ile nyepesi ilijikunja na maji yakatuama kwenye makunyanzi, nikahamia ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nairoweka, naibandika ubaoni kwa utepe wa gundi, na ikikauka inakaza kama ngozi ya ngoma.

Masika ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Nililowesha karatasi yote ikawa chepechepe, nikadondosha mchanganyiko wa ultramarini (buluu iliyokolea) na kahawia ya siena, ambao hutoa kijivu kizuri kuliko kijivu chochote cha kununua. Chembe za ultramarini huzama kwenye vishimo vya karatasi, na wingu likapata uzito wake. Kisha nikaharibu: nilirudi na brashi iliyojaa maji wakati karatasi imeanza kukauka. Maji yakaisukuma rangi pembeni, likabaki doa lenye kingo zilizochongoka katikati ya anga. Niliharibu karatasi tatu kabla sijaelewa kwamba ukirudia sehemu mbichi, brashi lazima iwe na maji machache kuliko karatasi. Sasa nainamisha ubao kwenye mwanga. Karatasi iking'aa, rangi itatambaa yenyewe. Mng'ao ukitoweka lakini mgongo wa mkono bado unahisi ubaridi, naweka brashi chini na kusubiri ikauke kabisa.

Kiangazi kilitaka kinyume chake. Karatasi kavu, brashi nusu kavu nikiilaza ubavu, inagusa vinundu vya karatasi tu na kuacha vishimo vyeupe: nyasi zilizokauka zikajitokeza bila kuchora unyasi hata mmoja. Vivuli nilivipa kingo kali. Njia ya vumbi sikuigusa kabisa, maana katika rangi za maji weupe bora ni karatasi yenyewe, na lazima uupangie nafasi kabla ya tone la kwanza.

Kipupwe nilikipata kwa tabaka nyembamba za buluu, kila moja nikiisubiri ikauke. Rangi hupauka ikikauka, kwa hiyo nilichanganya iliyokolea kidogo kuliko niliyoitaka. Kilima cha nyuma kikarudi mbali kwenye ukungu, na hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote.

Vuli bado inanisumbua. Kijani cha kwenye tyubu kilikuwa kikali mno, nikakitengeneza kwa buluu na manjano, nikakituliza kwa siena kidogo. Rangi ilikaa vizuri. Lakini nilipozigeuza picha zote nne ziwe nyeusi na nyeupe, kiangazi na kipupwe nilivitambua papo hapo, ila vuli ilifanana mno na masika. Nimeshabandika karatasi nyingine ubaoni. Safari hii nitalowesha anga peke yake, ardhi niiache kavu.