Vipimo vya Ndege ya Kwanza: Safari ya Kill Devil Hills

Tulitoka Norfolk, jimbo la Virginia, asubuhi na mapema, mimi na shemeji yangu ambaye ni fundi wa jenereta, tukashika njia ya kusini hadi kwenye daraja linalovuka maji ya Currituck na kuingia katika ukanda mwembamba wa mchanga unaopakana na bahari ya Atlantiki, ambako ndiko Kill Devil Hills, jimbo la North Carolina. Upepo ulianza kuyumbisha gari tukiwa bado darajani. Upepo huo ndio uliowavuta Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili walioiunda na kuirusha ndege hiyo ya kwanza, kuja huku kutoka Dayton, Ohio, tangu mwaka 1900, pamoja na mchanga laini wa kuangukia waliouhitaji.

Shemeji hakujishughulisha na mnara uliojengwa juu ya kilima. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfano wa ndege ya mwaka 1903 uliomo katika jengo la wageni, akainama kuichungulia injini.

"Kabureta iko wapi, shemeji?" aliniuliza.

Haikuwapo kabureta, yaani kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kwenye tangi dogo lililofungwa juu, ikageuka mvuke kwa joto la injini, kisha ikavutwa ndani ya silinda 4 zilizolazwa ubavu. Hapakuwa na pampu ya mafuta wala plagi, maana cheche ilitoka kwenye vidole viwili vya chuma vilivyogusana na kuachana ndani ya silinda. Charlie Taylor, fundi wa duka lao la baiskeli, aliiunda kwa wiki 6 baada ya viwanda kushindwa kuwapa injini nyepesi waliyoitaka, na bloku yake ikamiminwa kwa alumini ili kupunguza uzito. Ilipowashwa ilitoa karibu nguvu za farasi 16, lakini ikishapata moto ilishuka hadi 12. Shemeji alitikisa kichwa; jenereta za wateja wake zina nguvu kuliko hiyo.

Kwa maoni yangu, udhaifu huo ndio unaoonyesha kazi yao ilikuwa wapi. Mwaka huohuo wa 1903 mwanasayansi Samuel Langley, aliyeshindana nao kuunda ndege, alikuwa na injini bora ya nguvu za farasi 52, na bado ndege yake ilitumbukia katika mto Potomac tarehe 8 Desemba. Akina Wright walikuwa wameanza na hesabu. Ndege yao ya mwaka 1901, isiyo na injini, ilinyanyuka kwa takriban theluthi moja tu ya nguvu waliyoitarajia, wakaanza kuzitilia shaka namba zilizotumiwa na kila mtu. Walirudi Dayton, wakatengeneza sanduku la kupitishia upepo lenye urefu wa karibu mita 1.8, na kwa mizani iliyoundwa kwa spoku za baiskeli na vipande vya msumeno wa chuma wakapima maumbo ya mabawa yapatayo 200. Kigezo cha msukumo wa hewa, yaani namba ya kukokotolea nguvu ya upepo kwenye bawa, kilichorithiwa tangu karne ya 18 kikiwa 0.005, wao walikiona kuwa karibu 0.0033.

Umakini huo unaonekana hata kwenye mabawa: la kulia linalizidi la kushoto kwa sentimita 10, kwa sababu injini iliyokaa upande wa kulia ilikuwa nzito kuliko rubani aliyelala kando yake.

Nje, jiwe kubwa linaonyesha mahali ndege iliponyanyukia tarehe 17 Desemba 1903, na mbele yake yako mawe manne ya mahali ilipotua. La kwanza liko umbali wa mita 36.5, safari ya sekunde 12. Kwa kuwa ndege ilipambana na upepo mkali wa mbele, Wilbur aliweza kukimbia sambamba nayo. La pili na la tatu tuliyapita upesi. La nne liko mita 260, sekunde 59, Wilbur akiwa rubani, na kulifikia kwa miguu huku upepo ukitupiga usoni kulituchukua muda mrefu kuliko alioutumia yeye angani.

Muda mfupi baadaye upepo uliipindua ndege hiyo ikiwa imeegeshwa, ikavunjika, na haikuruka tena. Ndege yao ya tatu yenye injini ndiyo iliyozunguka kwa dakika 39 karibu na Dayton, tarehe 5 Oktoba 1905, ikaenda takriban kilomita 39 na kutua petroli ilipokwisha.