Siku moja kwenye chumba cha kukuzia seli shina za damu

Saa 1 asubuhi. Kuvaa peke yake ni robo saa: ovaroli mpaka kichwani, barakoa, glavu jozi mbili. Chakula tunachokuzia seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli zote za damu, bakteria nao wanakipenda, na wakiingia humu atakayewapokea ni mgonjwa asiye na kinga.

Saa 1:30. Inkubeta zinasoma nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5. Sawa.

Saa 2. Mfuko wa damu ya kitovu unatoka kwenye nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Unazamishwa kwenye maji ya nyuzi 37 na kukandwa kwa vidole mpaka barafu ibaki kama punje ya harage, kisha unatolewa hapo hapo. DMSO, kemikali iliyozilinda seli wakati wa kugandishwa, huzidhuru zikikaa nayo kwenye joto. Lakini ukiizimua kwa pupa, maji hukimbilia ndani ya seli na kuzipasua. Kwa hiyo kimiminika cha dekistrani (aina ya sukari) na albumini (protini ya damu) huingizwa tone kwa tone, mfuko ukitikiswa bila kukoma.

Leo umefanya bonge. Chembe nyeupe zilizokufa zimemwaga DNA yao, nayo inavutika kama mlenda na kuzizoa seli nzima. Ukiinua pipeti, uzi mweupe unafuata ncha. Ukilazimisha, seli shina zinaondoka na bonge. Tunaweka kimeng'enya cha kukata DNA, pamoja na magnesiamu ambayo bila hiyo hakifanyi kazi, tunasubiri dakika 15. Bado. Tunarudia. Mgongo unawaka, na pua ikiwasha huwezi kuigusa. Mfuko wa akiba haupo: damu hii ilikusanywa mara moja tu, mtoto alipozaliwa.

Karibu saa 5 bonge linaachia. Sumaku inazishika seli zenye CD34, protini ya juu ya seli inayotumika kuzitambua seli shina, ambazo kwa kawaida hazifiki hata moja katika kila mia.

Watu hudhani ugumu ni kuzifanya ziwe nyingi. Zipe SCF, FLT3L na thrombopoietini, protini za kuchochea ukuaji, zitagawanyika. Tatizo ni kwamba zikigawanyika hukimbilia kukomaa, na seli iliyokomaa haiwezi kujenga upya uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Ndiyo sababu omidubicel, tiba ya seli za damu ya kitovu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hukuzwa kwa nikotinamidi (aina ya vitamini B3), na ndiyo sababu UM171, molekuli ya watafiti wa Montreal iliyotangazwa mwaka 2014, ina thamani kubwa: nikotinamidi na UM171 huchelewesha kukomaa huko.

Mchana ni kulisha. Seli zilizokomaa hutoa protini zinazozizuia seli shina, hivyo chakula kipya huongezwa kidogo kidogo ili kuzipunguza makali. Baada ya hapo ni lebo, saini mbili kwa kila hatua, sampuli za kupima bakteria na kuvu.

Jioni, macho yakiwa mazito, zinabaki sahani za majaribio, ambamo seli zilipandwa kwenye jeli siku 14 zilizopita. Kila seli iliyokuwa hai na yenye uwezo wa kuzaa nyingine imeacha kishada kwenye jeli, vingine vyekundu kama kutu. Vinahesabiwa kimoja kimoja kwa darubini, kisha mtu wa pili anahesabu upya bila kuoneshwa jibu la kwanza.