Jinsi Nilivyoimudu Ritifaa ya Umiliki katika Wingi wa Kiingereza

Kazi ya kuhariri barua, mikataba na ripoti za Kiingereza ilinilazimu kulivalia njuga jambo ambalo wengi tunalipita juu juu: mahali pa kuweka ritifaa, yaani alama ya ( ' ), pale mwenye mali anapokuwa zaidi ya mmoja. Ugumu wake ni kwamba sikio halisaidii hata kidogo. Maneno students, student's na students' hutamkwa sawasawa, kwa hiyo hata mtu anayekizungumza Kiingereza kwa ufasaha hana pa kushika anapofika kwenye maandishi. Ni jambo la jicho, nalo hujifunzwa kwa jicho.

Kilichonifungulia njia ni kuacha kuanza na alama na badala yake kuanza na mwenye mali. Kiswahili kinatupa msaada mkubwa hapa, kwa sababu sisi tunasema madaftari ya mwanafunzi au madaftari ya wanafunzi, na umoja au wingi wa mwenye mali unajitokeza wazi mwanzoni mwa neno lake. Basi nikikutana na kifungu chenye utata, nakiweka kwanza katika Kiswahili, nampata mwenye mali, kisha namwandika kwa Kiingereza akiwa mzima, bila alama yoyote. Hapo ndipo ninapotazama mwisho wa neno. Likiwa na s ya wingi, naongeza ritifaa peke yake: the students' books, my parents' house. Wingi usipoishia na s, naongeza ritifaa pamoja na s: children's, women's, people's. Utaratibu huu unaondoa kabisa umbo la childrens', linaloonekana mara nyingi kwenye mabango na matangazo, kwa kuwa hakuna neno childrens ambalo mtu angeliandika kwanza. Majina ya ukoo nayo hufuata njia hiyohiyo: watu wa ukoo wa Jones ni the Joneses, na nyumba yao ni the Joneses' house.

Anayedhani kwamba huu ni urembo tu wa maandishi na asome mkataba. The director's decision ni uamuzi wa mkurugenzi mmoja. The directors' decision ni uamuzi wa wakurugenzi kwa pamoja. Vivyo hivyo, the tenant's deposit ni amana iliyowekwa na mpangaji mmoja, na the tenants' deposit ni ya wapangaji wote, hivyo anayestahili kurudishiwa fedha siku ya kuhama anatambulishwa na alama iliyosogea hatua moja. Nikiona mahali kama hapo, sikisii. Namuuliza mwenye hati alimaanisha nani.

Eneo ambalo kipimo cha Kiswahili kilinipa faida nisiyoitarajia ni vipindi vya muda. Kiingereza huandika two weeks' notice na three years' experience kana kwamba wiki na miaka vinamiliki kitu, na wanafunzi wengi huona ajabu. Lakini sisi pia tunasema notisi ya wiki mbili na uzoefu wa miaka mitatu, kwa kiunganishi kilekile cha umiliki, yaani ya au wa. Kwa wiki moja, ritifaa inarudi kabla ya s: one week's notice.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mpaka wake, na ni lazima mtu aujue. Kiunganishi chetu hueleza pia aina au matumizi ya kitu, ilhali Kiingereza mara nyingine hulitumia jina la wingi kama kivumishi tu, bila umiliki; ndiyo maana sikukuu ya Marekani ya kuwaenzi waliotumikia jeshi huandikwa rasmi Veterans Day, bila ritifaa. Kwa majina rasmi nimejiwekea sharti la kunakili kama yalivyo, maana kila moja lina historia yake. Queens' College ya Cambridge ina ritifaa baada ya s kwa sababu inahusishwa na malkia wawili, Margaret wa Anjou na Elizabeth Woodville, ilhali The Queen's College ya Oxford ni ya malkia mmoja. Anna Jarvis, aliyeipigania Siku ya Mama mpaka Rais Woodrow Wilson wa Marekani akaitangaza mwaka 1914, alisisitiza iandikwe Mother's Day kwa umoja, ili kila familia imheshimu mama yake. Lakini kwenye reli ya chini ya ardhi ya London, kituo cha Earl's Court kina ritifaa na jirani yake Barons Court hakina, wala hakuna kanuni ya sarufi itakayokuambia hivyo.

Ninapohakiki hati, usomaji wa mwisho naufanya kwa ajili ya herufi s peke yake. Kila neno linaloishia nayo nalisimamisha na kuuliza kama kuna kitu chake kinachofuata au kinachoeleweka. Kama hakuna, kama katika the teachers are meeting, ritifaa ya umiliki haina kazi hapo na ninaifuta. Viwakilishi its, ours, yours na theirs naviacha bila alama, kwa sababu umiliki umo ndani yake tayari.